Mguso mmoja, kanuni zinazohama: namna ya kumwandaa mwanapentathloni kwa mchezo wa vitara

Kocha aliyelelewa kwenye vitara vya kawaida akikabidhiwa wanapentathloni huwa na kosa moja la wiki ya kwanza: anawafundisha kushinda pambano la miguso 15. Pambano hilo halipo kwao. Kwenye pentathloni ya kisasa, mchezo mmoja unaounganisha mashindano matano, vitara vikiwa kimojawapo, ni mguso mmoja tu, mnasalimiana, anaingia mpinzani mwingine, halafu mwingine, mpaka umemaliza ukumbi mzima. Huna dakika za kumsoma mtu, wala nafasi ya kufidia kosa la mwanzo kwa akili ya mwisho.

Kosa la pili huja kila kanuni zinapobadilika, na kwenye mchezo huu hubadilika kweli. Kocha anasoma waraka mpya, anashtuka, anavunja programu yote na kuanza upya. Maoni yangu ni tofauti: sehemu kubwa ya kazi haiguswi na waraka wowote. Kitara ni epe, kitara cha kuchoma kwa ncha, kama kilivyokuwa Stockholm mwaka 1912, mchezo ulipoingia Olimpiki, na mguso mmoja umekuwepo kwa miongo mingi. Kinachohama ni saa, hesabu ya pointi na mpangilio wa siku. Mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo, na unamlenga kocha ambaye wachezaji wake tayari wanajua kushika kitara.

Hatua ya 1: Geuza kanuni kuwa sekunde

Kaa na kijitabu cha kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pentathloni ya Kisasa (UIPM) cha msimu huu. Usitegemee kumbukumbu, wala maelezo ya kocha mwenzako. Andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi moja: mapambano ni mangapi? Pambano moja lina muda gani? Muda ukiisha bila mguso, nani anapata nini? Ushindi mmoja una thamani gani, na pointi zinabebwa hadi raundi ipi? Vitara vinakuja kabla au baada ya mchezo gani?

Kisha piga hesabu ambayo mchezaji ataielewa. Chukua mfano wa Olimpiki ya Tokyo. Wachezaji walikuwa 36, kila mmoja akawa na mapambano 35. Ushindi 25 ulileta pointi 250, na kila ushindi juu au chini ya hapo ulikuwa pointi 6. Kwenye mbio za leza, yaani kukimbia kunakochanganywa na kulenga shabaha kwa bastola ya leza, pointi moja ni sekunde moja ya kutangulia, kwa hiyo kila mguso uliopata ulikuwa sekunde 6 barabarani. Majini, pointi moja ilikuwa nusu sekunde kwenye mita 200. Mguso mmoja, basi, ulilingana na sekunde 3 za kuogelea. Nenda kamuulize kocha wa kuogelea anahitaji muda gani kumpunguzia mwogeleaji aliyekwisha komaa sekunde 3. Ukirudi hutalalamika tena kwamba vitara vinakula muda wa mazoezi.

Hesabu hii irudie kila bei inapobadilika, maana ndiyo inayoamua saa ngapi za wiki zinakwenda wapi. Angalia pia kitu kinachosahaulika: pointi zinasafiri umbali gani. Paris 2024, raundi ya kupanga nafasi, ambapo kila mmoja hupambana na wote, ilichezwa siku ya kwanza, na pointi zake zikamfuata mchezaji nusu fainali na fainali. Asubuhi moja mbaya ilikuwa mzigo wa mashindano yote.

Hatua ya 2: Chambua badiliko kabla ya kulifanyia kazi

Waraka mpya ukifika, pitia kila kifungu na ujiulize kinagusa nini. Kuna mabadiliko yanayogusa mguso wenyewe: nini kinahesabika, nini kinafutwa. Haya ni machache, na ndiyo pekee yanayostahili kuingia kwenye somo la mkono. Kuna yanayogusa saa na mfumo: muda wa pambano, ngazi, mtoano. Hayo yanaingia kwenye mapambano ya mazoezi. Na kuna yanayogusa mwili: nini kimefanyika kabla mchezaji hajavaa barakoa, na dakika ngapi zimepita. Hayo ni kazi yako pamoja na kocha wa viungo.

Wakati mwingine chanzo cha badiliko hakihusiani na vitara hata kidogo. Tokyo, Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa akiongoza baada ya kuogelea na vitara, kisha farasi aliyepangiwa akakataa kuruka. Tukio lile lilichochea mjadala uliowatoa farasi kwenye mchezo baada ya Paris, na nafasi yao ikachukuliwa na mbio za vikwazo kuelekea Los Angeles 2028. Kocha wa vitara angeweza kusema hayamhusu. Tutaona kwenye hatua ya 8 kwamba yanamhusu sana, kuanzia kwenye kiganja.

Hatua ya 3: Jenga mkono na umbali, usivibadilishe kwa sababu ya waraka

Kwenye epe mwili mzima ni shabaha, kuanzia kidole cha mguu mpaka barakoa, na hakuna haki ya kushambulia kwanza kama kwenye vitara vya aina nyingine: anayegusa kwanza amegusa. Kwa hiyo shabaha muhimu kuliko zote ni ile iliyo karibu nawe, yaani kiganja na mkono wa mbele wa mpinzani. Mchezaji anayekimbilia kifua akiacha mkono wake wazi anamzawadia mwenzake ushindi.

Ninalo zoezi moja ambalo sijawahi kuliondoa kwenye programu. Kocha na mchezaji wanasogea mbele na nyuma bila kugusana. Kocha anauliza ghafla, "Sasa?" Mchezaji anajibu kwa neno moja: "mkono", "kifua" au "mbali". Mkono, maana yake naweza kuugusa mkono wako kwa kunyoosha wangu tu au kwa nusu hatua. Kifua, nakufikia kwa hatua ndefu ya kuchoma. Mbali, siwezi kitu na wewe huwezi kitu. Kocha anathibitisha papo hapo kwa kumwambia ajaribu. Wiki ya kwanza hata wachezaji wazuri hukosea majibu mengi, hasa mpinzani akiwa mrefu. Wakishazoea, punguza maneno: anajibu kwa kitara badala ya mdomo.

Juu ya msingi huo mpe silaha tatu, si kumi. Moja, kuchoma mkono wa mpinzani wakati anajiandaa kushambulia. Mbili, kupangua na kujibu bila kuachia ubapa wake. Tatu, shambulio la kukimbia linaloanzia umbali sahihi na kumalizika kwa kumpita mpinzani pembeni. Mchezaji wa miguso 15 anahitaji ghala la silaha kwa sababu mpinzani humjua kadiri pambano linavyokwenda. Wako ataonyesha silaha moja tu kwa mtu mmoja, kisha anaondoka. Ni afadhali awe na tatu zisizoshindwa.

Hatua ya 4: Mfundishe kuutumia mguso wa pamoja

Taa mbili zikiwaka pamoja kwenye vitara vya kawaida, kila mmoja anapata mguso. Mashine huhesabu miguso miwili kuwa ya pamoja ikipishana kwa muda usiozidi takriban moja ya 25 ya sekunde, kwa hiyo jicho la binadamu halina kauli. Kwenye pentathloni mguso wa pamoja unafutwa na mnaendelea.

Wengi husikia "unafutwa" wakaelewa "hauna madhara". Kwanza, umekula sekunde. Pili, umeonyesha karata yako. Lakini na mpinzani ameonyesha yake, na hapo ndipo penye faida. Sasa unajua alinyoosha mkono kwa umbali gani, alianza kwa mguu au kwa mkono, na aliposhtuka alienda juu au chini. Umepata taarifa hiyo bila kulipia pambano.

Zoezi: mapambano ya mguso mmoja ambapo kila mguso wa pamoja unawasimamisha wote wawili kwa sekunde 5, na kila mmoja anamnong'oneza kocha wake kitu kimoja alichokiona kwa mwenzake. Kisha wanaendelea. Asiyekuwa na la kusema anapoteza pambano hapo hapo. Mwanzoni watakasirika. Baada ya wiki mbili utaona mchezaji anarudi kwenye mstari baada ya mguso wa pamoja akiwa na mpango, badala ya kurudia shambulio lilelile kwa hasira.

Hatua ya 5: Saa iingie kichwani

Kwa miaka mingi pambano la raundi ya kupanga nafasi limekuwa la dakika moja, na muda ukiisha bila mguso wote wawili huandikiwa kushindwa. Hakuna sare. Kanuni hii moja ndiyo inayoutofautisha mchezo huu na mwingine wowote wa vitara: subira ina bei, na wote wawili wanailipa.

Maana yake kwa mazoezi ni kwamba sekunde za mwisho ni mchezo mwingine kabisa. Anayeutambua kwanza ndiye anayechagua umbali. Mwenzake anabaki kujibu. Kwa hiyo:

- Fungua mapambano mengi ya mazoezi yakiwa yamebaki sekunde 10. Hakuna kuzunguka, hakuna kupima.
- Ficha saa, na mwisho wa pambano muulize mchezaji zilikuwa zimebaki sekunde ngapi. Andika kosa lake. Lenga kosa lisizidi sekunde 3.
- Mpe umaliziaji mmoja anaoujua hata akiamshwa usiku.

Umaliziaji ninaoupenda ni wa kumsukuma mpinzani. Uwanja una urefu wa mita 14, na mistari ya kuanzia iko mita 2 kutoka katikati, kwa hiyo kila mmoja ana mita 5 nyuma yake. Akivuka mstari wa mwisho kwa miguu yote miwili, mguso unahesabiwa dhidi yake. Mchezaji anayejua kusogea mbele kwa hatua fupi, kitara kikitishia mkono bila kujirusha, humfikisha mwenzake kwenye mita ya mwisho, na hapo mtu hulazimika kushambulia kutoka mahali pabaya. Ukipangua, umemaliza.

Muda wa pambano ukifupishwa, usibadilishe mbinu. Badilisha mahali unapoanzia: kilichokuwa kikianza sekunde ya 45 sasa kinaanza mara tu refa anaporuhusu.

Hatua ya 6: Daftari la wapinzani

Kwenye mashindano makubwa majina ni yaleyale mwaka hadi mwaka. Kila mpinzani apate mistari miwili, isizidi. Anaanza na nini? Anafanya nini saa ikimbana? Weka alama ya mkono wa kushoto, maana pembe yote inageuka. Daftari liandikwe na mchezaji mwenyewe kwa mkono wake, jioni ya siku ya mashindano, kabla hajalala. Video ni nzuri lakini haimwambii kilichomtia hofu.

Hatua ya 7: Mzoeshe siku nzima, pamoja na kushindwa

Mapambano 35 yanachosha kichwa kabla ya miguu. Huhitaji watu 36 kuyaiga. Kusanya wachezaji wanane, kila mmoja acheze na wenzake wote saba, na mrudie mzunguko mara tano: 7 mara 5 ni 35. Kati ya mzunguko na mzunguko weka mapumziko yasiyotabirika, mengine dakika 3, mengine 15, kwa sababu ndivyo siku ya kweli ilivyo. Jaribio hili lifanyike kila wiki tatu au nne wakati wa maandalizi, si kila wiki. Likizoeleka linapoteza makali.

Hapa ndipo unapomfundisha jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuzoeana na kushindwa. Rudi kwenye hesabu: ushindi 25 kati ya 35 ni pointi 250, siku njema kwa mtu yeyote. Maana yake mchezaji aliyefanya vizuri ameshindwa mara kumi. Nimeona vijana wenye mkono mzuri kupita wote ukumbini wakipoteza mapambano manne mfululizo kwa sababu ya hasira ya pambano la kwanza. Mpe utaratibu wa kufuta: anavua barakoa, anafuta uso, anataja jina la mpinzani anayefuata na mstari mmoja wa daftari, anavaa. Kila mara, ameshinda au ameshindwa. Kocha naye ana sheria yake: mapambano yakiendelea, hakuna kuzungumzia lililopita. Hakuna "ungefanya hivi". Mengine yote yasubiri jioni.

Hatua ya 8: Raundi za nyongeza, mtoano, na mkono uliochoka

Rio 2016 ilileta raundi ya nyongeza ya mfumo wa ngazi kwenye Olimpiki. Wa chini kabisa kwenye msimamo anacheza na anayemfuata kwa juu. Mshindi anabaki uwanjani, anapanda aliye juu yake, na kadhalika mpaka kileleni. Muda ni mfupi, sekunde 30. Mfumo huu una watu wawili tofauti. Aliye chini anaweza kushinda mara nyingi mfululizo akiwa amepata moto. Aliye juu anasubiri wote wacheze, kisha anaingia na mwili uliopoa, kwa pambano moja, dhidi ya mtu ambaye ametoka kushinda sasa hivi. Usiwaandae kwa njia moja. Wa chini afanye mapambano ya mfululizo bila kupumzika, wapinzani wakimwingilia mmoja baada ya mwingine. Wa juu akae kitini dakika 12 na barakoa mapajani, asimame, apewe hatua chache za miguu, na acheze pambano moja tu. Akishindwa, ndiyo siku imekwisha, arudi kesho. Inauma, na ndiyo shabaha.

Mtoano ni jambo jingine. Ukimweka mchezaji kwenye droo, kushindwa mara moja kunamtoa, na uzoefu wa "nitafidia kwa anayefuata" unageuka sumu. Hata kama kanuni za msimu hazina mtoano, cheza mmoja kila wiki mwishoni mwa mazoezi. Siku ukija hautakuwa mgeni.

Sasa vikwazo. Mchezaji anayening'inia kwenye vyuma na kupanda ukuta anatumia misuli ileile ya mkono wa mbele inayoongoza ncha ya epe. Na kwa mpangilio wa mashindano uliobanwa kuwa dakika 90, kama ilivyokuwa Paris, hakuna muda wa misuli hiyo kusahau. Iwapo vitara vinakuja baada ya vikwazo, ncha itatetemeka na vidole vitakaza mpini. Vikija kabla, anayebana mpini kwa nguvu atafika kwenye vyuma akiwa na viganja vilivyokwisha.

Tiba ya pande zote mbili ni moja: mshiko mwepesi. Pima hivi. Mchezaji aning'inie sekunde 40, apumzike dakika 3, kisha achome shabaha ndogo ya ukubwa wa kiganja mara 20. Hesabu alizopata. Linganisha na siku aliyopumzika. Pengo hilo ndilo unalolifanyia kazi kwa miezi, na ukilipunguza hutajali sana mpangilio ukibadilishwa tena. Jambo moja la kukubaliana na kocha wa vikwazo: siku ya mazoezi mazito ya kushika, somo la vitara liwe la miguu na umbali, si la ncha.

Hatua ya 9: Vifaa

Haraka tu, kwa sababu hapa hakuna mjadala. Kila kitara kipimwe jioni ya kabla: uzito wa gramu 750 uinuliwe na springi ya ncha bila taa kuwaka, vipimo vya milimita 1.5 na 0.5 vipite, urefu wote usizidi sentimita 110 na uzito usizidi gramu 770. Beba vitara visivyopungua vitatu na waya za akiba. Mchezaji ajue kubadilisha skrubu ya ncha mwenyewe. Waamuzi wa pentathloni wana sababu ya kuwa wakali kwenye ukaguzi: mwaka 1976 huko Montreal, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti alikamatwa na epe iliyofichwa swichi ya kuwasha taa bila kugusa, akaondolewa kwenye Olimpiki. Tangu hapo hakuna anayeshangaa kitara chake kikishikiliwa mezani.

Hatua ya 10: Kanuni mpya ikija katikati ya msimu

Tenga wiki tatu. Wiki ya kwanza mchezaji aisome kanuni mwenyewe na akueleze wewe. Asipoweza kuieleza, hajaielewa. Mapambano yachezwe kwa kanuni mpya mara mbili tu, bila maelekezo, nawe ukae pembeni ukiandika mahali wanapopotea. Wiki ya pili fanyia kazi yale uliyoandika na si mengine. Wiki ya tatu fanya jaribio la siku nzima chini ya kanuni mpya, na uwe na mtu wa kuwa refa asiyekuwa kocha wao.

Somo la mkono na umbali liendelee wiki zote tatu bila kupunguzwa hata dakika moja. Wachezaji wataona ajabu kwamba dunia imebadilika nawe bado unauliza, "Sasa?" Waache washangae.

Ratiba ninayoianzia, kabla ya kuipindisha kwa kila mtu, ni hii: masomo mawili ya ana kwa ana na kocha, dakika 25 kila moja, vipindi vitatu vya mapambano, kimoja kikiwa na saa ya sekunde 10, na kipindi kimoja cha vitara mara tu baada ya kuogelea au vikwazo, wakati mchezaji anapotamani kwenda nyumbani. Kipindi hicho cha mwisho ndicho wanachokitoroka, kwa hiyo mimi hukiweka Jumatano, siku ambayo hakuna mwenye kisingizio cha safari.